Tulimfanyia Sherehe Kabla Hajakubali

Mimi ni dereva wa basi. Si yale ya manjano ya wanafunzi. Ni yale makubwa ya kukodi, yenye choo nyuma, yanayobeba wazee kwenda kucheza kamari, wanakwaya kwenda kuimba, na watoto wa sekondari kwenda kokote walimu wao wanakotaka. Yadi yetu ipo Greenbelt, mimi naishi Temple Hills, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Natanguliza kusema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari za kuskii, kule kuteleza juu ya theluji na mbao ndefu miguuni, wanadhani nina hela. Sina. Na wakisikia natoka Tanzania wananiambia, ah, Kilimanjaro, basi theluji unaijua. Mimi ni mtu wa Tabora. Theluji ya kwetu ilikuwa ile ya kukwangua kwenye friza ya mwenye duka.

Binti yangu nilikuja naye akiwa na miaka mitano. Baba yake alitutangulia huku, tukamfuata, halafu yeye akaenda zake Texas na mambo yake, na hayo si ya kusimulia hapa. Kiswahili mtoto anakielewa chote, hata kile cha kumsema pembeni, ila anajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yake humu nimeyatia kwenye Kiswahili mwenyewe. Naamini sijampunja.

Alipoanza sekondari akajiunga na klabu ya kuskii. Shule ilikuwa na klabu za kila namna, na mimi nilisaini ile karatasi kama nilivyosaini zote, nimesimama, ufunguo wa gari mkononi. Kila Ijumaa ya majira ya baridi walipelekwa kwenye kilima kimoja huko Pennsylvania, karibu saa mbili kwa barabara, mahali ambapo theluji isipoanguka inatengenezwa kwa mashine na kumwagwa mteremko mzima. Mwaka wa kwanza alirudi na goti limevimba. Mwaka wa pili akajinunulia mabuti yake ya mtumba. Mwaka wa tatu wakampa kazi pale kilimani mwisho wa wiki, kufundisha watoto wadogo, na mwaka wa nne akaendelea nayo. Alikuwa anaondoka Jumamosi alfajiri kwa gari la mwenzake, anarudi jioni amekauka midomo, anakula sahani mbili za ugali, analala.

Niliona ni mchezo. Nikamwachia kwa sababu maksi zake zilikuwa nzuri na hakuwa na mambo ya wavulana. Mzazi wa ugenini ana vitu vyake vya kuogopa, anavipanga kichwani kimoja kimoja, na kuskii mimi sikukupanga.

Mwaka ule wa mwisho, baridi ilipoanza kuondoka, yakaja mambo mawili ndani ya wiki moja. La kwanza, chuo kikuu cha College Park kilimkubali. La pili, mzee wa Kizungu aliyekuwa mkuu wa walimu pale kilimani alimwambia ana ndugu yake Colorado, kwenye milima yenyewe, anayetafuta walimu wa msimu mzima. Kitanda kipo, kazi ipo, na huko angefanya mtihani wa kuwa mwalimu kamili wa kuskii. Binti yangu alinieleza haya jikoni. Ilionekana amejifundisha maneno yake kabla, maana aliyasema yote bila kupumua. Alitaka aende mwaka mmoja. Halafu chuo, labda.

Ile labda ilinikata maini. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikazima jiko, nikamwambia, "Lakini wewe umeshachaguliwa."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi hawawezi kulielewa kosa langu. Enzi zetu kuchaguliwa kulikuwa kuchaguliwa. Majina ya wanaoendelea na masomo yanatoka gazetini, unalitafuta lako, ukilikuta umekwenda. Hakuna anayekuuliza kama unakubali. Nani akuulize? Unachotafuta ni sanduku la bati na godoro na mtu wa kukusindikiza stesheni. Mwaka wangu mimi niliisoma ile orodha mara tatu, nimesimama kwenye baraza la duka na gazeti la kuazima, na jina langu halikuwemo. Mwenye duka alinitazama akaliacha gazeti mikononi mwangu, hakulidai. Baba akasema haya, tutaona. Hatukuona kitu.

Basi nilipoiona barua ya mwanangu kwenye skrini, jina lake pale juu kwa herufi kubwa, niliipiga picha nikaituma kwenye kundi la simu la Waswahili wenzetu wa Maryland. Sikumuuliza. Ilikuwa saa kumi jioni. Kabla sijala chakula cha usiku kulikuwa na kamati, ukumbi, na mwenyekiti.

Mwenyekiti ni mama wa Mombasa, muuguzi, ambaye hakuna msiba wala harusi inayompita. Hakugombea uenyekiti na hakuna aliyempigia kura; tulimkuta nao. Alinipigia simu akaniambia, "Mwenzangu, mtoto wa mmoja wetu akipita, tumepita sote. Wewe kazi yako ni kuja umevaa." Akachagua kitenge cha sare, buluu na manjano, akakiagiza, akawapangia watu vyakula. Waislamu meza yao, wanaokunywa bia meza yao huko mwisho karibu na mlango. Jirani yangu Mkongomani alisema yeye ataleta pondu, kisamvu cha kwao, na sherehe yote aliiita fete. Kukafunguliwa kundi jipya la simu kwa ajili ya kamati, likaitwa Sherehe ya Msomi Wetu, na msomi mwenyewe akaingizwa humo.

Aliniambia mara tatu. "Mama, sijaamua." Na mimi nilimjibu mara tatu kwamba hakuna cha kuamua, ameshachaguliwa. Yeye alidhani namkatalia. Mimi nilidhani anadeka, anataka abembelezwe. Sikuwa namlazimisha, au basi sikujua kuwa namlazimisha. Nilikuwa namweleza jambo nililoamini ni la kweli, kwamba nafasi ni yake, ipo inamngoja, kama kiti chenye jina.

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana, ukumbi wa chini ya kanisa, palepale Temple Hills. Nilikuwa jikoni kwenye pilau, mwiko mkononi, alipoingia binti yangu. Alikuwa amevaa gauni la ile sare, fundi alimshonea vizuri, na kilemba alikuwa amekifunga mwenyewe kikakaa upande. Akafunga mlango.

"Mama, siku ya mwisho ya kukubali nafasi ilikuwa juzi," akasema. "Sikukubali."

"Kukubali nini?"

Akanieleza. Kwamba hapa chuo kinakuchagua wewe, halafu na wewe unakichagua chuo. Kuna mahali pa kubonyeza kwenye kompyuta. Usipobonyeza mpaka siku waliyoweka, nafasi wanampa mtu mwingine na hawakulaumu. Alisema amekaa na ule ukurasa mwezi mzima, anaufungua, anautazama, anaufunga. Juzi akalala bila kubonyeza. Na jana amempigia yule mzee wa kilimani akamwambia anakwenda Colorado.

Nikauweka mwiko chini. Kwanza ilinishika hofu, kisha hasira, kisha kitu kingine ambacho sasa najua ni wivu, maana mtoto huyu alichaguliwa akakataa, na mimi nilisoma gazeti mara tatu. Huko nje mshereheshaji alikuwa ameshashika maiki anasema msomi wetu yuko wapi, msomi wetu ajitokeze. Nikamwambia binti yangu, "Kuna watu themanini pale nje."

Ni hayo tu niliyomwambia. Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi sana, hasa nikiwa barabarani peke yangu. Sikumwambia hapana. Sikumwambia nieleze vizuri mwanangu, kwa nini unataka kwenda huko. Nilimhesabia watu.

 Binti yangu akaenda kwenye kioo kidogo juu ya sinki, akakinyoosha kilemba, akatoka. Akina mama walimpokea mlangoni wakamsindikiza kwa kucheza mpaka mbele, na watu wakapanga foleni kumtunza. Walimpa mablanketi, masanduku mawili ya kusafiria, taa ya mezani, mashuka. Mzee mmoja alimvalisha saa yake mwenyewe. Kisha wakampa maiki. Mtoto huyu hakuwahi kusema Kiswahili mbele ya watu hata siku moja. Siku ile alisema, "Asanteni sana, shikamooni wazee. Nitasoma kwa bidii." Ukumbi mzima ukaitikia kwa vigelegele.

Na mimi nilipiga. Nisidanganye hapa kwa sababu ni zamani. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na nilifurahi.

Jumatatu nilimpeleka College Park. Nilibaki garini, yeye akaingia ofisini peke yake. Alikaa humo kama dakika arobaini. Alirudi, akafunga mkanda, akasema, "Wamenikubalia. Nafasi zilikuwepo." Nikasema Mungu mkubwa.  Nikapitia Greenbelt kuchukua ratiba yangu ya wiki pale yadi, na niliporudi nikamkuta kwenye simu, dirisha liko wazi, anamwambia yule mzee kwamba hataweza kwenda. Alikuwa anamshukuru. Alikuwa anamwomba radhi kwa usumbufu. Nilisimama nyuma ya gari mpaka akamaliza, nikajifanya natazama tairi.

Alisoma takwimu, miaka minne, akamaliza vizuri. Akapata kazi kwenye ofisi moja Greenbelt inayofanya shughuli na watu wa mambo ya anga. Ana nyumba yake ya kupanga, ana gari, Sikukuu ananiletea zawadi. Skii zake na mabuti yake alivipeleka mwenyewe kwenye mnada wa kanisa, mwaka wa kwanza wa chuo, na hakuna siku aliyoyataja tena mambo yale. Nilidhani amekua. Wenzangu walikuwa wananitolea mfano, wananiambia wewe umelea, na mimi nilikuwa nakubali.

Sasa nije kwangu mwenyewe.

Misimu mitatu iliyopita dereva mwenzetu aliyekuwa akibeba watu wa kuskii kila Jumamosi aliumia mgongo, na meneja akanipa mimi ile safari. Ni kilima kilekile cha Pennsylvania. Jumamosi mbili za kwanza nilikaa ndani ya basi saa saba mfululizo. Nilikula, nikalala, nikampigia dada yangu Tabora kumlalamikia mpaka akasema ana kazi. Jumamosi ya tatu niliingia kwenye jengo lao kutafuta chai, na msichana wa kaunta akaniuliza, wewe si dereva? Dereva anapanda bure. Mabuti bure, skii bure, na somo la kwanza bure.

Mimi kitu cha bure siwezi kukiacha mezani, ndivyo nilivyo. Sikuingia kule kwa mapenzi. Niliingia kwa sababu ilikuwa bure na chai yao ilikuwa mbaya.

Aliyenifundisha ni bibi wa Kizungu mwenye umri wa miaka sabini kwenda juu, mwembamba, mkali. Alinionyesha kuzipanga skii kama kabari, ncha pamoja, visigino mbali, ndiyo breki yenyewe. Nilianguka. Nilianguka kwa mbele, kwa nyuma, na mara moja nikiwa nimesimama tu sifanyi kitu. Watoto wa miaka minne walikuwa wananizunguka. Nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonirudisha Jumamosi iliyofuata, maana mimi nimeshusha basi la tani ishirini kutoka milima ya West Virginia kwenye barafu, na siwezi kushindwa na kijiteremko cha watoto.

Kumbe basi lilinisaidia. Dereva wa gari zito anajua kwamba mwendo wa kushuka unauamua ukiwa bado juu. Ukishaanza kushuka ndipo utafute gia, umechelewa. Nilipomwambia yule bibi hivyo alicheka, akasema basi wewe tayari unajua nusu, iliyobaki ni miguu.

Msimu wa pili, alasiri moja, nilipanda kile kiti cha kwenye waya mpaka juu kabisa, nikashuka mpaka chini bila kusimama. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Sijui niieleze vipi. Kwa miaka yangu yote ya kazi katika nchi hii nilikuwa nabeba watu, na pale nilikuwa simbebi mtu, nasikia upepo tu na ule mkwaruzo wa skii. Nilikuwa na furaha, furaha ya mwili mzima, hadi nikaogopa. Nilipofika chini nikasogea pembeni nikalia. Bibi akadhani nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho nilimnyima mwanangu. Miaka yote nilidhani nilimnyima mchezo.

Ningemwambia siku ileile. Sikumwambia. Nilijua nikimwambia ninaskii itabidi nimwambie na mengine, na kila Jumapili alipokuja kula nilikuwa nakusudia, halafu nampakulia wali. Nikaanza kuficha. Mabuti yangu niliyaweka kwenye buti la basi, chini ya mifagio. Alipoona alama nyeusi mkononi nilimwambia nimeteleza kwenye ngazi za basi. Alipoona nyingine akasema hizo ngazi zina hatari, wiki iliyofuata akaniletea viatu vya bei kubwa vyenye soli ya mpira isiyoteleza. Nilivivaa kila siku na kila siku nilivionea haya.

Aliyeniumbua ni Mwenyekiti, na hakukusudia. Msimu huu uliopita hospitali yao ilikodi basi kwa ajili ya wafanyakazi, naye akaja, kwa kutazama tu, amejifunga mtandio na koti juu yake, chupa yake ya chai ya tangawizi mkononi. Alinipiga video nikishuka. Akairusha kwenye kundi, na akaandika, "Muoneni mwenzenu na miaka yake hamsini na mbili, arukavyo." Kundi lenyewe lilikuwa Sherehe ya Msomi Wetu. Makundi yetu hayafi. Lile la sherehe lilikuja kutumika kwa harusi moja, halafu kwa msiba, halafu kwa misiba mingine, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina wala kumtoa mtu.

Niliiona nikiwa nimeketi kwenye usukani, nangoja abiria. Watu walikuwa wanacheka, wananipongeza, mmoja anauliza kama kuna bima. Nikafungua kuona nani ameshaitazama. Jina la binti yangu lilikuwemo. 

Nikaendesha saa mbili kurudi Maryland na abiria hamsini, taratibu, kwenye njia ya kulia ya magari ya polepole. Nilikuwa naogopa mtoto wangu mwenyewe.

Jumapili alikuja kama kawaida. Alikaa mezani bila kuvua koti. "Tangu lini?" akauliza.

"Huu msimu wa tatu."

"Palepale?"

"Palepale."

Akawa anazungusha glasi ya maji. Nikamwambia nilichokuwa nimekipanga, kwamba nilimkosea, kwamba siku ile jikoni nilipaswa kumsikiliza na badala yake nilimtajia watu. Nilikuwa nimekipanga kirefu lakini kilitoka kifupi.

"Ulijua unanikosea?"

"Siku ile hapana. Nilijua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Mwaka jana."

"Na ukanyamaza mwaka mzima," akasema. "Mama, nimekununulia viatu."

Tulikaribia kucheka wote wawili, ikashindikana. Akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akasema maneno ambayo nilimwomba ayarudie, si kwa sababu sikuyasikia. Alisema, "Miaka yote nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu huelewi. Hiyo ilikuwa rahisi, niliizoea. Sasa unaelewa, na sijui nifanye nini nayo."

Nikamwambia twende wote Jumamosi. Akasema hataki. Nikamwambia nitamkodishia kila kitu. Akasema, "Mimi niliacha, Mama. Wewe endelea." Akala kidogo, akaondoka mapema. Sikumsindikiza mpaka kwenye gari kama ilivyo kawaida yetu, nilibaki dirishani.

Jumamosi ya pili yake, nikiwa Greenbelt napakia watu, akapanda. Kavaa koti la ofisini na viatu vya kawaida. Aliketi kiti cha kwanza, nyuma yangu, upande wa mlango, akafungua kitabu. Hatukuongea njia nzima zaidi ya kuulizana kama kuna baridi. Tulipofika akaniambia hapandi, amekuja kutazama. Nikavaa mabuti yangu mbele yake. Nikakosea kubana vifungo, akaniacha nihangaike mpaka nikaweza.

Nilishuka mara mbili, yeye amesimama chini kwenye uzio. Mara ya pili akaniita.

"Unakaa nyuma," akasema.

"Yule bibi hajaniambia."

"Yule bibi anakuonea huruma. Unakaa kama uko kwenye kiti cha dereva. Njoo huku."

Akanipeleka kwenye mteremko wa wanaoanza, yeye kwa miguu, viatu vinazama. Akaninyang'anya zile fimbo mbili za kujisukumia. Akaniambia niweke viganja kwenye magoti, nisukume buti kwa muundi, nisitazame theluji, nimtazame yeye. Akawa anarudi nyuma mbele yangu, anashuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha bila kunigusa. Nikakaa nyuma, akasema hapana, rudi, tena. Hakuwa mkali na hakuwa mpole. Alikuwa ananiambia jambo moja tu kila mara, nikiliweza ndipo anaongeza la pili. Watu wazima wawili waliokuwa wanahangaika karibu nasi wakasogea kusikiliza, mwanamume na mkewe, nadhani ni Wahindi. Naye bila kuwauliza akawapanga kwenye mstari, akamwambia mwanamume afungue macho. Mwanamume akacheka, akayafungua, akashuka. Sauti ya binti yangu ilikuwa imebadilika. Mimi nimemzaa, nimeishi naye miaka kumi na minane nyumba moja, na sauti ile sikuwa ninaijua.

Ilipita nusu saa hivi. Wale wawili wakamshukuru, wakamuuliza anafundisha siku gani. Akawaambia hafundishi, anafanya kazi ofisini.

Tukaenda kuketi kwenye benchi ili nivue mabuti. Alikuwa anakung'uta theluji kwenye viatu, soksi zimelowa. Nikamwambia, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo moyoni na sikuona sababu ya kulificha tena, kwamba angekuwa mwalimu mzuri sana wa jambo hili.

Hakukasirika. Aliendelea kukung'uta kiatu.

"Nilifundisha hapa misimu miwili, Mama," akasema. "Palepale tulipokuwa. Hukuja hata siku moja."

Ni kweli. Sikwenda.